Galoni si kipimo: jinsi ya kusoma stiki ya oili bila kuizidisha

Mwaka juzi nilitoka Dar alfajiri na IST yangu kwenda Morogoro, nikaingia sheli moja kabla ya Chalinze kuongeza mafuta. Kijana wa pampu, mchangamfu kweli, akaniuliza kama anichekie oili na maji wakati mafuta yanaingia. Nikafungua boneti. Akachomoa stiki, kile kijiti cha chuma cha kupimia oili, akaifuta, akaichomeka, akaitoa tena na kuninyooshea. "Bosi, oili imeshuka. Jionee mwenyewe." Nikajionea: oili ilikuwa imesimama kidogo tu juu ya L, alama ya chini. Injini ilikuwa na dakika moja tangu izimwe, na kwa kilomita mia hivi nilikuwa nimeikanyaga bila huruma. Nikanunua chupa ya lita moja, akaimimina yote, nikamwachia na buku ya soda.

Nilipokaribia Msamvu, gari la nyuma yangu likaanza kuniwashia mataa. Nikatazama kioo: moshi wa buluu. Asubuhi iliyofuata, gari likiwa limelala kwenye uwanja wa saruji nyumbani kwa mjomba, nikachomoa stiki kabla hata ya kuwasha. Oili ilikuwa imeipita F, alama ya juu, kwa upana wa kidole kidogo cha mkono.

Hasira zangu zote zilikuwa kwa yule kijana, lakini nikikaa nikafikiri, hakunidanganya. Alichokiona nami nilikiona. Stiki nayo haikudanganya. Tuliiuliza swali ambalo haina jibu lake, ikajibu swali jingine, nasi tukalipia lita nzima.

Stiki inajua nini

Chini kabisa ya injini kuna sampo, karai la chuma linalokusanya oili. Pampu huifyonza oili kutoka humo kupitia chujio la waya, huisukuma ndani ya filta, kisha huipeleka kwenye beringi za kranki, shafti nzito inayozungushwa na pistoni, na kuipandisha hadi juu kwenye silinda hedi, zilipo vali na kamshafti inayozifungua. Ikishafika juu hakuna mtu wa kuishusha. Hurudi yenyewe kwa uzito wake, ikichuruzika kwenye kuta na kupitia matundu yaliyoachwa kwenye bloki.

Maana yake ni kwamba injini inapozunguka, oili imetawanyika. Nyingine iko kwenye filta, nyingine kwenye njia nyembamba za ndani, nyingine imekaa kwenye vibonde vya silinda hedi, nyingine imejipaka kwenye kila chuma. Ukizima, inaanza kushuka, na haishuki kwa kishindo. Mimina uji kutoka kwenye sufuria halafu iegemeze kwenye sinki: utarudi baada ya dakika kumi ukute kijiko kizima kimekusanyika tena chini.

Stiki inazama kwenye sampo tu. Haijui injini ina oili kiasi gani. Inajua oili iliyotulia kwenye sampo sasa hivi imefika kimo gani, pale pale inapogusa. Ukilishika hilo, mabishano mengi ya gereji yanajimaliza. Ukisoma wakati oili nyingi bado iko juu, utaambiwa imepungua. Ukisoma gari likiwa limeinama, utaambiwa habari za upande mmoja wa sampo. Na mtu anayeambiwa oili imepungua hufanya nini? Huongeza.

Moto au baridi?

Hapa ndipo watu hugawanyika. Fundi mmoja atakuapia kwamba oili hupimwa injini ikiwa ya moto, mwingine atasema asubuhi kabla ya kuwasha, na wote wawili wamepima maelfu ya magari.

Mwongozo wa Toyota kwa magari mengi madogo unasema: ipashe injini joto hadi lifike kawaida, izime, egesha pahali tambarare, subiri zaidi ya dakika 5, kisha pima. Watengenezaji wengine wana dakika zao, na wengine wanataka injini iliyopoa kabisa. Kama una kitabu cha gari lako, fuata hicho. Magari yetu mengi yanatoka Japani na kitabu chake cha Kijapani, kimelala kwenye kabati ya dashibodi tangu kushuka melini. Kamera ya simu siku hizi inatafsiri ukurasa kwa sekunde, na ukurasa wa oili una michoro, hauhitaji kuwa msomi.

Ila tuufungue huu ugomvi wa moto na baridi kwa namba, maana ni mdogo kuliko kelele zake. Oili hupanuka ikipata joto, kama asilimia 0.7 kwa kila nyuzi 10 za Selsiasi. Chukua injini yenye lita 3.7, itoke nyuzi 25 za asubuhi hadi nyuzi 90 za safarini. Hiyo ni tofauti ya nyuzi 65, yaani ongezeko la mililita 170 hivi, nusu ya chupa ya soda. Kwa hiyo oili ya moto husomeka juu kidogo kuliko ya baridi. Wakati huohuo oili iliyozimwa dakika 5 tu zilizopita bado haijashuka yote, na hilo huishusha kidogo kwenye stiki. Mambo mawili yanavutana kwa pande mbili na kwa sehemu yanafutana. Ndiyo maana mtu anayepima asubuhi na mtu anayesubiri dakika 5 au 10 hupata majibu yanayokaribiana sana.

Kosa la dakika moja ndilo kubwa. Pale sheli oili yangu ilisoma karibu na L, na ukiondoa lita tuliyoongeza utaona kwamba kumbe ilikuwa katikati au zaidi. Karibu nusu lita ilikuwa bado njiani inashuka.

Oili nzito huchelewa zaidi. Wengi wenye injini zilizochoka wamehamia 20W-50, na hiyo haishuki kwa mwendo wa 5W-30. Ukiwa Njombe au Makete asubuhi ya mwezi wa saba ndiyo kabisa. Mimi siku hizi nasubiri dakika 15 kama gari limetoka safari, au napima asubuhi. Hakuna anayenifukuza.

Jambo moja la kujihadhari nalo kwa wanaopima asubuhi: usiwashe gari ili "kulisogeza tu" pahali pazuri halafu upime. Sekunde kumi zinatosha pampu kupandisha oili juu, na umerudi kulekule sheli.

Pahali tambarare, si pahali panapoonekana tambarare

Gereji nyingi za mjini hufanya kazi pembeni ya barabara. Gurudumu moja liko juu ya ukingo wa lami, jingine kwenye mchanga, na wakati mwingine jeki bado iko chini. Sampo ni pana na haina kina kirefu, kwa hiyo mwinamo mdogo tu unahamisha oili kutoka upande wa stiki au kuielekeza kwenye stiki. Ni kama maji kwenye sinia: unainua ukingo kidogo, upande mmoja unakauka.

Gari likiinama, kosa linaweza kwenda upande wowote, inategemea stiki imechomekwa wapi. Anayeishi Mwanza mlimani, au Lushoto, ambako ua tambarare ni anasa, afanye hivi: pima, geuza gari lielekee kinyume pale pale, subiri muda uleule, pima tena. Katikati ya vipimo hivyo viwili ndipo oili ilipo. Ni usumbufu, lakini unaufanya mara moja. Ukishajua stiki yako inasoma nini ukiegesha kwako, unajua siku zote.

Kuisoma yenyewe

Mara ya kwanza unapoichomoa stiki, usiiangalie hata kidogo. Ilikuwa imekaa kwenye bomba lake safari nzima, oili imerukia juu, imejipaka kwenye kuta za bomba, na stiki imefagia yote hayo wakati ikitoka. Ifute yote kuanzia mpini hadi ncha, kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Irudishe taratibu mpaka mpini ukae kabisa mahali pake. Ikibaki nje nusu sentimita, umeshajidanganya nusu sentimita. Hesabu hadi tatu, ichomoe kwa mwendo wa pole bila kuisugua kwenye bomba, na ishike imelala, ncha ikiinamia chini kidogo. Wako watu huinua ncha juu ili waone vizuri. Oili inateremka kuelekea mpini, nao wanasoma mteremko.

Sasa angalia pande zote mbili. Mara nyingi hazilingani: upande mmoja utaona oili imefika nusu, wa pili una mchirizi mrefu unaokwenda hadi F au kuipita. Mchirizi ni oili ya kwenye bomba. Kimo halisi ni pale utando unapokuwa kamili, umejaa kutoka ukingo hadi ukingo wa stiki, na ukiona pande mbili zinabishana, amini ulio chini. Kama huna hakika, futa urudie. Mimi hupima mara tatu, na majibu mawili yakifanana naondoka.

Oili mpya ni kazi kuiona. Inang'aa kama mafuta ya alizeti na chuma kinang'aa pia. Laza stiki juu ya karatasi ya tishu nyeupe bila kuivuta. Tishu inaloa mpaka pale oili ilipoishia, na unasoma kimo kwenye tishu.

Alama zenyewe hutofautiana. Magari ya Japani mengi yana F na L, mengine H na L, mengine vitundu viwili tu au vinundu viwili bila herufi. Ya Ulaya mengi yana MIN na MAX. Kinachohesabika ni kwamba oili ikiwa popote katikati ya alama hizo, injini imeridhika. Kimo cha katikati si "nusu tenki" kinachodai kujazwa. Hili ni gumu kumweleza fundi aliyezoea kwamba kitu chochote kisichofika juu kimepungua.

Na kabla hujamimina chochote, hakikisha umeshika stiki ya oili ya injini. Magari mengi ya otomatiki yana stiki mbili chini ya boneti, na ya pili ni ya mafuta ya giaboksi, ambayo kwa Toyota nyingi hupimwa injini ikiwa inaunguruma, na huwa na alama za moto na baridi. Mafuta yake yakiwa mapya huwa mekundu. Ya injini mara nyingi ina mpini wa njano. Nimeshuhudia mtu amesoma stiki ya giaboksi, akaona mafuta yamepungua, akaongeza oili kwenye injini.

Galoni ya lita 4 na injini ya lita 3.7

Pale sheli ilikuwa kosa la dakika. Ila kwa maoni yangu, magari mengi yanayotembea na oili iliyozidi hayakujaziwa barabarani. Yalijaziwa siku ya kumwaga oili.

Chukua IST yenye injini ya 1NZ, ya cc 1,500. Ukimwaga oili na kubadilisha filta, inataka lita 3.7. Usipobadilisha filta, lita 3.4. Dukani kuna galoni ya lita 4. Fundi anafungua nati ya sampo, oili nyeusi inatiririka, baada ya dakika tano inaanza kudondoka tone tone, anafunga. Anageuza galoni juu chini kwenye tundu na kuiacha ijimalize yenyewe huku akipokea simu. Ukimwuliza anakujibu kwa nia njema kabisa: "Umeshailipia kaka, ya nini kubaki?" Ukibadilisha filta, umezidisha mililita 300. Kama filta imeruka safari hiyo ili kuokoa hela, umezidisha 600. Na kama oili ilimwagwa injini ikiwa ya baridi, au gari likiwa limeinuliwa jeki upande mmoja, oili ya zamani haikutoka yote, kwa hiyo ongeza hapo kiasi kilichobaki.

Namba za kitabu tayari zimezingatia oili ambayo haitoki kamwe, ile ya kwenye mianya na pampu. Injini iliyofumuliwa na kukaushwa hula zaidi. Kwa hiyo 3.7 si ujazo wa injini. Ni kiasi cha kurudisha baada ya kumwaga vizuri.

Tofauti ya 3.7 na 3.4 ina siri nyingine nzuri. Hizo mililita 300 ni filta. Filta mpya inaingia tupu. Ukijaza oili na kupima kabla ya kuwasha, stiki itasoma juu, kwa sababu oili yote iko kwenye sampo na filta bado haijanywa chake. Washa injini dakika moja, zima, subiri, pima: imeshuka. Asiyejua hili anaweza kuogopa bure akaanza kupunguza oili ambayo haikuzidi.

Ninavyofanya mimi, kwa injini hiyo: namimina lita 3 na kidogo, nafunga kifuniko, nawasha dakika moja huku nikichungulia kama nati na filta zinavuja, nazima, nakwenda kunawa mikono na kubishana na fundi habari za Simba na Yanga. Dakika kumi zikiisha napima, kisha naongeza kidogo kidogo. Kiasi gani ni kidogo? Kwa magari mengi madogo nafasi kati ya L na F ni kama lita moja. Tuseme alama zimeachana milimita 20: basi kila milimita ni mililita 50. Ukikuta umebakiza milimita 6 kufika F, unahitaji mililita 300, yaani zaidi kidogo ya nusu ya chupa ndogo ya maji. Naipima kwenye chupa hiyo hiyo ya maji. Sijazi hadi kwenye mstari wa F. Naacha milimita mbili tatu. Oili inayobaki kwenye galoni inarudi nayo kwenye buti, na ndiyo ya kuongezea miezi ijayo.

Kuna wanaozidisha kwa makusudi, eti injini inakula oili, basi waipe akiba. Ni kweli zipo zinazokula. Toyota yenyewe kwenye miongozo yake imeweka kikomo cha juu cha lita 1 kwa kila kilomita 1,000, na injini inayokaribia hapo itamaliza akiba yoyote kabla ya mwezi. Akiba ya oili ikae kwenye buti.

Ikizidi, nini hutokea humo ndani

Kranki ina vitu vizito vya kusawazisha mwendo, navyo hupita juu kidogo ya oili kila inapozunguka. Injini ikiwa kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, vinapita mara 50 kila sekunde. Ukipandisha oili mpaka ikaguswa na kranki, umeweka mwiko wa umeme kwenye bakuli la mayai. Oili inapigwa, inaingia hewa, inakuwa povu.

Povu ndilo adui. Oili hulinda beringi kwa sababu haibonyei. Chuma kinaelea juu yake. Hewa inabonyea. Pampu inapofyonza povu, presha inayumba, na utando uliokuwa ukitenganisha kranki na beringi unapata matobo. Magari yenye VVT-i, mfumo wa Toyota wa kubadili wakati wa vali kufunguka, hutumia presha hiyohiyo ya oili kugeuza kamshafti mbele na nyuma, kwa hiyo nayo yanaanza kupoteza utulivu. Hivyo oili iliyozidi sana huumiza injini kwa njia ileile ya oili iliyopungua: chuma kukosa oili. Watu hushangaa wakisikia hivyo, lakini beringi haijui galoni ngapi ziko kwenye sampo. Inajua kilichofika kwake.

Upande wa pili ni moshi. Ndani ya sampo huwa kuna hewa chafu inayopenya kwenye ringi za pistoni, na gari huirudisha kwenye njia ya hewa ya kuingilia ili iungue, kupitia kivali kidogo. Oili ikiwa juu na imejaa povu, ukungu wake unabebwa na hewa hiyo, unaingia kwenye silinda na kuungua. Huo ndio ule moshi wa buluu wa Msamvu. Plagi zinachafuka, na katalisti, kisafisha moshi cha kwenye ekzosi, ambayo ni ghali kuliko galoni nyingi za oili, inajipaka taka zisizotoka. Kivali hicho kikiwa kimeziba tayari, presha inatafuta pa kutokea, na sili iliyochoka ndiyo inayoachia kwanza.

Kwa dizeli kuna jambo zito zaidi. Injini ya dizeli haiwashwi kwa cheche. Chochote kinachoweza kuungua kikiingia na hewa na kugandamizwa, kitawaka. Oili ikiingia kwa wingi kwenye njia ya hewa, injini inaigeuza kuwa mafuta yake. Unazima swichi, dizeli inakatika, injini haizimiki. Inapanda mizunguko yenyewe, inatoa moshi mzito, na huendelea mpaka inyimwe hewa au ijivunje. Si jambo la kila siku, lakini aliyeliona mara moja hajazi tena dizeli kupita alama.

Sasa kwa haki: milimita mbili au tatu juu ya F haziui gari. Watengenezaji wameacha nafasi, na sijawahi kumwambia mtu apunguze kwa sababu ya hizo. Kuanzia nusu lita kwa injini ndogo, mimi ningepunguza kabla ya kuendesha tena. Katikati ya hapo, angalia moshi, sikiliza, na punguza ukipata wasaa.

Kuipunguza

Wengi hukimbilia nati ya sampo, walegeze kidogo, itoke kidogo, wafunge. Inawezekana, lakini ukiifungua oili ya moto inatiririka mpaka kwenye kiwiko, na nati ya sampo iliyoharibika nyuzi ni msiba mwingine. Njia safi ni kuinyonya kupitia bomba la stiki. Nunua bomba kubwa la sindano la mililita 60 duka la dawa na mpira mwembamba unaopita kwenye bomba la stiki. Oili ikiwa vuguvugu inavutika vizuri. Ikiwa ya baridi utapata misuli. Hesabu: mabomba matano ni mililita 300. Ndivyo nilivyoiponya IST kwa mjomba, mabomba kumi na moja, huku shangazi akiuliza gari linaumwa nini.

Mbinu nyingine, kama filta ya gari lako inafikika kirahisi: ifungue, imwage oili iliyomo, irudishe. Ukiwasha, filta inajijaza upya kutoka kwenye sampo na kimo kinashuka. Kwa 1NZ ni zile mililita 300 au pungufu kidogo. Weka chombo chini, na usiimwage mtaroni.

Ikipanda bila kuongezwa

Oili hupungua au hubaki palepale. Ikipanda na hakuna aliyeongeza, kuna kitu kingine kimeingia, na hapo usipunguze tu na kujiendea. Nusa stiki. Ikinuka petroli, huenda nozeli inavuja au gari linatembezwa safari fupifupi tu lisipate joto la kutosha. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, kuna maji, na mshukiwa wa kwanza ni gasketi ya silinda hedi. Liache gari lilipo. Dizeli za kisasa zenye chujio la masizi humwaga dizeli ya ziada ili kuyachoma masizi hayo, na sehemu yake huteremkia kwenye oili. Mazda za dizeli za SkyActiv, zile CX-5 zilizojaa mitaani, zina alama ya X juu ya F kwenye stiki kwa ajili hiyo: oili ikikaribia X, inamwagwa hata kama kilomita hazijafika.

Taa nyekundu ya kibuyu cha oili kwenye dashibodi haina uhusiano na haya yote kwa magari yetu mengi. Inasoma presha, haisomi kimo. Oili inaweza kupungua lita nzima nayo imetulia, na siku ikiwaka ukiwa unaendesha, unasimama na kuzima hapohapo.

Kwa wenye pikipiki, neno moja: stiki nyingi zenye nyuzi, zikiwemo za Honda, hukalishwa tu juu ya tundu bila kufungwa wakati wa kupima. Ukiifunga inazama zaidi na kusoma juu. Nyingine hufungwa. Soma kitabu, na pikipiki isimame wima, si kwa stendi ya pembeni.

Baada ya mambo ya Morogoro nilibaki na shaka moja: hiyo stiki yenyewe ni ya injini hii? Magari mengi yamewekewa injini za mtumba, na stiki hupotea au hubadilishana gereji. Kwa hiyo safari iliyofuata ya kumwaga oili niliisimamia mwenyewe. Injini ya moto, uwanja tambarare, oili ikadondoka nusu saa nzima, filta mpya, nikamimina lita 3.7 kwa kipimo, nikawasha dakika moja, nikalala. Asubuhi stiki ikasoma chini ya F kwa unene wa sarafu. Ni yenyewe. Nikaipiga picha, iko kwenye simu mpaka leo, na ndiyo ninayolinganisha nayo.

Mwezi uliopita nilipita sheli ileile. Si yule kijana, ni mwingine, lakini swali lilikuwa lilelile. Nikamwambia acha kwanza, nakwenda kunywa chai. Nilipomaliza chapati ya pili nikarudi, nikamwita, akachomoa, akafuta, akachomeka, akachomoa. Akaigeuza huku na huku juani, akatafuta la kusema.

"Iko poa, bosi," akasema. "Maji je, nikucheki?"